Kororo Wanane wa Bwana Kanji

Ndugu zangu wa Zinga, kila nikija nyumbani hamchoki kunisukuma niwasimulie ile safari yangu ya Kiwangwa, na kila nikianza mnanikatiza kwa vicheko kabla hata sijafika kivukoni. Basi leo nimeiandika. Chekeni mtakavyo, lakini mimi sipo hapo kuwasikia, na safari hii nitafika mwisho.

Sababu ya kuondoka ilikuwa mwanamke, sitaki kuwaficha. Bi Mwanahawa, dada yake Jumbe Makungu wa Kiwangwa, alikuwa amefiwa na mumewe na eda ilikwisha. Nilimwona mara mbili tu, alipokuja Bagamoyo pamoja na watu wa kaka yake walioleta sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, na mara zote mbili tulibishana. Ya kwanza tulibishana juu ya ndui ya kuku, ya pili juu ya namna ya kumlaza kuku anayekataa kuatamia. Mimi, Saidi bin Faraji, ambaye mji mzima uliniita Fundi Kuku, nikabishiwa na mwanamke wa bara mbele za watu! Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikashindwa kula, na asubuhi yake nikajua kwamba ile haikuwa hasira.

Nikapeleka posa. Jumbe akajibu hivi: "Mwambieni Fundi Kuku aje na kuku ambao bara yote haijawaona, wazae hapa uani kwangu. Wakizaa, tutazungumza. Wasipozaa, abaki na ufundi wake huko huko."

Haya, kuku gani hao? Mwezi mzima nilizunguka mjini nikiwatazama kuku wa kila mtu. Kisha Mungu akaleta merikebu kutoka Unguja, na ndani ya merikebu mzigo wa Bwana Kanji.

Bagamoyo, siku ya kuondoka. Enzi hizo bendera nyekundu ya Sayyid ilikuwa ingali ikipepea, na mji umejaa wapagazi hata mtu hapati pa kutia mguu. Bwana Kanji alikuwa Banyani mnunuzi wa sandarusi, mtu mpole, asiyekula nyama wala yai. Alitaka kumfurahisha Jumbe Makungu, kwa kuwa sandarusi nzuri ilitoka kwake. Nduguye wa Kalkuta alikuwa amemletea ndege wanane, naye akaniita niwatazame.

Niliwakuta uani ndani ya matenga manne, wawili wawili. Subhanallah! Mmoja alikuwa mweupe mgongo mzima, na weupe wenyewe umechorwa vistari vyembamba vyeusi, tumbo jeusi tii, mkia mrefu unaburuta. Wa pili mweusi mwenye rangi ya samawati akigeuka juani, na kishungi cheupe kimelala nyuma ya kichwa. Wa tatu mweusi chini, juu kijivu cha nywele za mzee. Wa nne wa kijivu kama majivu ya kuni, na mgongoni kwa nyuma ana doa la dhahabu, ukimwona akikunjua mbawa unadhani ameficha kaa la moto. Wote wanne wana nyama nyekundu kuzunguka macho. Na kila mmoja amefungiwa pamoja na ndege wa kahawia, mdogo, hana lolote.

"Fundi," akasema Bwana Kanji, "ni kuku gani hawa?"

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Niliwazunguka mara tatu, mikono nyuma, nikakohoa. Nikasema: "Hawa ni kororo wa Kihindi, Bwana Kanji."

Nawaambieni nilivyofikiri, maana hata leo naona fikira ile ilikuwa na akili yake. Kororo wetu wa msituni ana kishungi, na hawa wana vishungi. Kororo uso wake hauna manyoya, na hawa ni vivyo hivyo. Na kororo, kama kanga, dume na jike wamefanana, hata mwenye macho makali hawatenganishi. Mimi huwatambua kwa mlio tu, na sifa yangu yote Bagamoyo ilitokana na jambo hilo moja. Basi ikiwa hawa ni kororo, dume na jike lazima wafanane. Wa mapambo na wa kahawia haiwezekani wawe mtu na mkewe. Kwa hiyo wale wanne wa kahawia ni aina moja kamili, na wale wanne wa mapambo ni aina nne, kila mmoja ameachwa bila mwenzake.

"Nduguyo amekuletea aina tano," nikamwambia. "Na aliyewafunga ni mjinga, amechanganya watu wasiojuana."

Bwana Kanji akatoa barua. "Yameandikwa humu, lakini ni Kiingereza. Karani wa forodha anajua kusoma, ila yuko Unguja mpaka Ijumaa. Tungoje?"

"Bwana Kanji! Mimi nisomewe barua ya kuku?"

Akairudisha barua mfukoni. Kisha akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Nakuomba kitu kimoja. Asichinjwe hata mmoja. Wakichinjwa, dhambi ni yangu mimi niliyewatoa."

Nikaapa. Wallahi hawachinjwi. Kisha nikawapanga upya kwa ufundi wangu: wa kahawia wote wanne tenga moja kubwa, wa mapambo kila mmoja peke yake. Wale wa mapambo walipiga kelele na kujirusha mpaka manyoya yakajaa uani, nami nikamwambia Bwana Kanji kwamba hiyo ni furaha ya kupata nafasi.

Kivukoni, saa nne asubuhi. Mpagazi wangu alikuwa Songoro, Mnyamwezi aliyefika pwani na pembe za ndovu na akawa anangoja msafara wa kurudi kwao. Alibeba matenga mawili mzegamzega na la tatu kichwani. Mimi nikabeba mawili yaliyobaki. Mto Kingani ulikuwa umejaa, viboko wanatoa pua. Tulipofika katikati, yule mweupe akasimama ndani ya tenga lake akapiga mbawa kwa kishindo, brrrrr, kama mtu anayekung'uta mkeka. Mvushaji akadhani kiboko yuko chini yetu. Akarusha upondo, akapiga shahada, na mtumbwi ukaanza kuzunguka wenyewe. Songoro ndiye aliyeudaka upondo. Mimi nilikuwa nimewakumbatia kororo wangu na kufumba macho.

Tulipokuwa tukikausha nguo ng'ambo ya pili, Songoro akachungulia matenga. "Fundi, mbona hawa wa rangi wana vikwaru miguuni, na hawa wa kahawia hawana?"

"Aina nyingine hiyo."

"Kwetu mwenye kikwaru ni jogoo."

"Kwenu mna kororo wa Kihindi?"

"Hatuna."

"Basi beba."

Kikoka, alasiri. Tulilala kwa Mzee Kombo, mkulima wa mtama, mtu wa karamu na maswali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye matenga. Kijiji kizima kikaja. Nikasimama nikawahubiria: aina ya kwanza ni hii, ya pili hii, ya tatu, ya nne, na hawa wanne ndio aina ya tano, watu wa chini. Nilijiona kama mwalimu wa chuoni. Mzee Kombo akauliza, "Na hawa wa kahawia mbona kila mmoja ameinamia upande wake, anamtazama mwenzie wa rangi?" Kwa kweli walikuwa hivyo. Kila mmoja amechomoa shingo kuelekea tenga tofauti. Nikamjibu kwamba watu wa chini hupenda kutazama wakubwa. Wakanisifu kwa hekima.

Kiwangwa, siku ya pili, jua la utosini. Jumbe Makungu alitupokea barazani. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kukoroma, na asiyecheka mpaka wengine wamalize. Bi Mwanahawa aliniletea maji ya kunawa, akaniamkia kwa adabu, kisha akachuchumaa mbele ya matenga, asinitazame tena mimi.

"Karibu, Fundi," akasema Jumbe. "Wepi hawa watakaozaa?"

Nikaeleza. Wanne wa kahawia watazaa, hao wamekamilika, na miongoni mwao lazima wamo madume, nitawatambua kwa mlio. Wanne wa mapambo hawatazaa kamwe, hawana wenzao, ni wa kutazamwa.

"Wa kahawia ni wanne," akasema Jumbe akiwahesabu kwa kidole. "Wa kuzaa si wanatosha wawili watatu? Na wewe mgeni wangu leo utakula nini? Mgeni wangu halishwi mchicha."

Ndugu zangu, hapo nilipaswa kusimama. Nilikuwa nimeapa. Lakini Jumbe ananitazama, posa yangu iko mkononi mwake, na shetani akaniambia kwamba Bwana Kanji, aliponiapisha, alikuwa anafikiria wale wazuri. Nikasema, "Mmoja si neno, Jumbe."

Nikamchinja mwenyewe. Bi Mwanahawa akampika kwa nazi. Na kwa kuwa nilikuwa mgeni wa heshima, Jumbe alinipa firigisi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wazee, heshima ambayo mkwe mtarajiwa huiombea dua. Nililila firigisi lile nikiona harusi iko karibu. Na lilikuwa tamu, sitasema uongo.

Kiwangwa, asubuhi ya tatu. Wazee walikuwa wameitwa, na Jumbe alikuwa na furaha hata akaamua waliobaki wa kahawia nao wachinjwe kwa karamu ya kusikiliza posa. "Habari ya kuzaa itangoja, tutamwomba Kanji atuletee wengine," akasema. "Hawa wana nyama tamu, na kwa uzuri si kitu." Kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa, na mimi nimekunja mikono ya kanzu.

"Kaka, ngoja," akasema Bi Mwanahawa.

Alikuwa amewafungulia ndege wote ndani ya ua wa makuti, akawamwagia mtama. Akatwambia tutazame. Yule mweupe aliokota punje, hakuimeza. Akaiweka chini, akaiokota tena, huku anaita kwa sauti ndogo, kuku-kuku-kuku, kama jogoo yeyote wa uani anavyofanya. Mmoja wa kahawia akaja mbio akaila. Yule wa kijivu mwenye doa la dhahabu naye akaita, akaja mwingine. Yule mwenye mgongo wa mvi akaita, akaja wa tatu.

Yule mwenye kishungi cheupe naye akaita. Akaita, akaokota, akaweka. Akazunguka, akaita tena. Hakuja mtu.

"Tazama miguu," akasema Bi Mwanahawa. "Mweupe ana miguu myekundu, na huyu wake ana miguu myekundu. Wa kijivu ana miguu myekundu pia, lakini mkewe ana mbawa nyeusi zenye mapande meupe. Huyu wa mvi miguu yake ni ya majivu, na mkewe ana majivu hayo hayo, tena tumbo limejaa michirizi myeupe. Si aina tano hizi, kaka. Ni aina nne, na kila aina na mkewe. Wanawake ndio wamefanana, kwa kuwa wao ndio watakaokaa juu ya mayai na hawataki kuonekana na kicheche. Na mmoja ametaga leo asubuhi." Akafungua kiganja, na yai lilikuwamo, la rangi ya maziwa.

Wazee wakanigeukia. Jumbe akasema, "Fundi, wewe ndiye mjuzi. Mwanamke anasema hivi. Wewe wasemaje?"

Najua walikuwa tayari kuniamini mimi. Ningesema tu, "Bi Mwanahawa amedanganyika, kororo wana tabia hiyo," wote wangeitikia, karamu ingeliwa, na posa yangu ingesikilizwa siku ile ile. Nilimtazama. Hakunikonyeza wala hakuniomba. Alisimama na yai lake. Na nyuma yake yule mwenye kishungi cheupe alikuwa angali anaita, mtama wake uko chini.

"Jumbe," nikasema, "amesema kweli. Nimekosea mimi."

"Umekosea nini?"

"Kila kitu. Songoro aliniambia njiani, nikamfunga mdomo. Mzee Kombo aliona, nikampa jibu la upuuzi. Hawa si kororo."

"Na yule wa jana?"

"Alikuwa mke wa huyu."

Jumbe akamtazama yule mwenye kishungi cheupe. Kisha akasema polepole, "Na firigisi nilikupa wewe."

Lahaula! Kicheko kilichopigwa pale, nadhani kilisikika mpaka Msata. Wazee walilaliana mabegani. Songoro alikaa chini kabisa. Jumbe, kama desturi yake, akangoja wote wamalize, ila safari hii hakucheka. "Fundi asiyejua jike na dume," akasema, "simpi dada yangu. Wale sita wabaki. Huyu mjane wako mchukue, asinililie uani." Nikamtafuta Bi Mwanahawa kwa macho, lakini alikuwa amekwenda kumtafutia yai mahali.

Njia ya kurudi. Kwa Mzee Kombo nilipita kwa nyuma ya shamba ili nisionekane, akaniona, akaita, "Fundi! Watu wa chini wako wapi?" Songoro akamjibu kwa kirefu, wala sikumzuia. Kivukoni mvushaji alikataa kumpakia ndege mpaka tulipomfunika kwa kanzu yangu, nikavuka na shuka kiunoni. Kila tulipopumzika nilimpa mtama, naye akaokota, akaweka chini, akaita. Nililia, ndugu zangu. Nililia mto mzima na Songoro akajifanya anatazama viboko.

Bagamoyo, Ijumaa. Karani wa forodha alikuwa amerudi, na barua ilikuwa imesomwa. Bwana Kanji aliniona na tenga moja, akasimama. Nilimwambia yote, hata firigisi. Hakunitukana. Alimchukua yule ndege, akamtia kivulini, na siku ile hakula. Ningependa zaidi angenipiga.

Kesho yake akanieleza barua kwa Kiswahili, kama karani alivyomsomea. Pea nne, dume na jike, imeandikwa mstari wa kwanza. Mwenye kishungi cheupe anatoka milima ya upande wa Nepali, mwenye mvi anatoka nchi ya Bama, mweupe Uchina, wa kijivu Siam. Ni ukoo mmoja, makabila mbalimbali. Na chini nduguye aliongeza kwamba Wazungu wenye vitabu vya ndege nao hawajakubaliana: huyu anahesabu aina nyingi, huyu chache, kwa kuwa ukivuka mto mmoja weusi wanaanza kuwa na mistari, ukivuka wa pili mistari inazidi, na katikati wanaoana bila kumwuliza mtu.

"Kumbe na wao hawajui!" nikasema.

"Hawajui," akajibu Bwana Kanji, "lakini wanauliza."

Sikupata usingizi kwa neno lile. Nilikwenda kwa majirani wote niliowahi kuwafunga mdomo katika habari za kuku, nikawauliza walichotaka kuniambia siku ile. Nusu yao walikuwa sahihi. Kwa muda mji ukaacha kuniita Fundi, ukaniita Firigisi.

Kiwangwa, mara ya pili. Ulipita mwezi na siku kadhaa, Songoro, aliyepata mzigo wa kupeleka Kiwangwa huku akingoja msafara wake, akarudi na salamu kutoka kwa Bi Mwanahawa: mayai ya wale majike aliyalaza chini ya kuku wa kienyeji, yameanguliwa, nami niende. Hakusema zaidi. Nilikwenda mbio hata kivuko sikukiona.

Wazee walikuwa barazani, wale wale, na Jumbe katikati yao. Sikujua nimeitwa kwa heri au kwa kuchekwa tena. Bi Mwanahawa alitoka na ungo umefunikwa kwa kanga, akaufunua. Vifaranga tisa, wa kahawia wote, michirizi ile ile, macho yale yale. Akamtoa mmoja akaniwekea kiganjani.

"Fundi," akasema, "huyu ni dume au jike?"

Nilimgeuza. Nikatazama miguu, nikatazama mbawa, nikamsikiliza mlio. Wazee walikuwa wamekwisha anza kuziba midomo yao.

"Sijui," nikasema.

"Ni mtoto wa yule mweupe, au wa kijivu, au wa mvi?"

"Sijui."

"Utajuaje sasa?"

"Nitakuuliza wewe. Na wewe usipojua, tutangoja wakue."

Hapo wa kwanza kucheka alikuwa Jumbe Makungu, kabla ya mtu yeyote, mpaka kofia ikamwanguka. Alipopata pumzi akamgeukia dada yake. "Kuku wamezaa, na mimi sina la kusema tena. Wewe si mwari wa kusemewa. Jibu mwenyewe."

Bi Mwanahawa alikichukua kifaranga kiganjani mwangu, akakirudisha kwa wenziwe, akaufunika ungo.

"Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, nilikaa naye miaka saba," akasema. "Neno hilo, 'sijui', sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Kaka, mwite mwalimu atufungishe ndoa."